Pamba nyumba yako, lakini uliza kwanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mshahara ni mmoja, mahitaji ni mengi. Ukiisha kulipa chakula, dawa na masomo ya watoto, pesa ya mapazia na rangi kutoka Goma utaitoa wapi?

Hapa Bisie jibu tunalijua. Kasiterite ilipogunduliwa mwaka 2002, barabara haikuwapo. Mizigo ilipita porini juu ya mgongo wa mtu, na bei ya kila kitu ilipanda kwa kila kilima. Mtu aliyepata kopo tupu au gunia zuri hakulitupa. Mgodi wa kisasa ulianza kutoa mali yake mwaka 2019, na leo magari yanafika, lakini desturi ya kutumia kitu mara ya pili haijaisha. Mimi ninaisifu. Wanaosema kwamba hiyo ni nyumba ya maskini wanakosea. Nyumba safi yenye mpango inampumzisha mtu, na aliyepumzika vizuri anashuka chini ya ardhi akiwa macho.

Lakini si kila kitu kizuri kwa macho kinafaa kuingia mlangoni. Kabla ya kukibeba, uliza jambo moja: kilibeba nini zamani?

Tazama waya na mirija ya rangi inayobaki baada ya kulipua mwamba. Inavutia kwa kusuka vikapu. Je, una hakika kwamba mwishoni mwake hakuna fataki ambayo haikulipuka? Fataki moja ndogo inatosha kumkata mtoto vidole. Masanduku ya baruti nayo usiyafanye meza wala kuni. Yaache mgodini, wenye kazi hiyo wayaharibu.

Tazama pipa. Lililobeba dawa za kiwanda halifai kuwekea maji wala unga, hata ukilisugua kwa sabuni siku nzima. Plastiki inanyonya dawa, kisha inairudisha polepole. Na pipa la mafuta linaloonekana tupu bado lina mvuke ndani. Ukilikata kwa moto au kwa mashine ili utengeneze jiko, linaweza kulipuka usoni pako.

Tazama mawe ya tochi yaliyokwisha. Wengi huyavunja na kutumia unga wake mweusi kupaka ukuta. Unga huo una manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Twanga makaa ya kupikia, changanya na udongo laini, utapata weusi uleule bila sumu.

Betri ya gari ni mbaya zaidi, maana ndani yake mna risasi na tindikali. Kasha lake usilifanye chungu cha maua. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwamo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Pesa ni pesa, lakini akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi hairudi.

Hata ovaroli yako iliyochakaa, kabla mama hajaikata kufanya mkeka wa mlangoni, ifuliwe peke yake. Usiikung'ute ndani ya nyumba. Vumbi la mwamba uliloliogopa kazini lisije likaingia kifuani mwa mtoto.

Basi tutumie nini? Vingi! Makopo ya maziwa na ya nyanya, yakipigwa nyundo kingo zake zisikate, ni vyungu vya maua. Na ujue kwamba makopo ya chakula hupakwa bati ili yasiingie kutu. Bati hilo hutoka katika kasiterite, ile unayoichimba wewe. Yatoboe matundu chini, na matairi vilevile, maji yasitulie, kwa kuwa mbu huzaliana humo. Vipande vya kitenge vikishonwa pamoja ni pazia au kitambaa cha meza. Chandarua kilichochanika kabisa kinaziba dirisha, lakini kizima kibaki kitandani. Udongo mweupe na mwekundu wa kilimani hupendezesha ukuta bila faranga moja. Taa ya mafuta tu iwe mbali na vitambaa hivyo.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wetu. Kukataza peke yake hakutoshi. Kinachokatazwa mchana hubebwa usiku, na cha usiku hakuna anayekichunguza. Afadhali idara ya usalama ichague mbao safi, masanduku ya vipuri na magurudumu ya mbao ya kukunjia waya, ivitie alama ya rangi, iviweke karibu na lango, na igawe kwa zamu. Kitu chenye alama kiende nyumbani. Kisicho na alama kibaki.

Na wewe, mama, bwana akirudi na kitu kipya mkononi, mpokee kwa furaha, lakini umuulize palepale mlangoni: "Hiki kilibeba nini?" Akikosa jibu, kisiingie.

Usalama hauishii kwenye lango la mgodi. Unalala nasi nyumbani.