Pawatila si ya kila mteremko

Mkulima wa milimani anayekwenda mjini kununua pawatila huulizwa maswali mawili: anataka ya nguvu za farasi ngapi, na ana fedha taslimu kiasi gani. Swali la tatu, ambalo lingestahili kuwa la kwanza, ni nadra kusikika: shamba lake limeinama kiasi gani?

Swali hilo si dogo. Mashine hii ya magurudumu mawili, yenye injini ya dizeli ya silinda moja, ilipata umaarufu katika majaruba ya mpunga ya Asia, ambako ardhi ni tambarare. Ndiyo maana inafaa mabonde kama ya Mbarali na Kyela. Tatizo ni kuichukulia kuwa dawa ya kila mahali. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi nchini Tanzania zilihimizwa kununua pawatila, na mlima na bonde vikapimwa kwa mizani moja.

Kinachotisha zaidi ni namna ya kuikatisha kona. Pawatila nyingi hazina usukani wa kawaida. Zina klachi mbili za mkononi, moja kwa kila gurudumu. Kwenye tambarare, dereva akiminya ya kushoto, gurudumu la kushoto hukatiwa nguvu na mashine hukata kushoto. Kwenye mteremko mkali mambo hugeuka. Gurudumu lililokatiwa nguvu halizuiwi tena na injini, hivyo hukimbia kuliko lenzake, na mashine hukata kulia. Dereva aliyejifunzia kwenye uwanja wa mpira huminya kwa nguvu zaidi, na hapo anajipeleka mwenyewe korongoni, tela la viazi likimsukuma kwa nyuma. Njia ya salama ni kuingiza giya ndogo kabla ya kuanza kushuka, kuziacha klachi hizo, na kuelekeza mashine taratibu kwa kusukuma mikono yake. Hilo linafundishika siku ile ile ya mauzo, lakini muuzaji anayelifundisha ni wa kutafuta kwa tochi.

Kosa jingine ni kudhani kwamba mashine ikishindwa kupanda, dawa ni injini kubwa. Wakazi wa maeneo yenye vilima na theluji huko Marekani, wanaofunga mashine ya kurusha theluji mbele ya trekta dogo la bustani, wanalijua vizuri jambo hili. Uzito ule wa mbele huyapunguzia magurudumu ya nyuma mshiko, hivyo kabla ya kupanda mwinuko hufunga minyororo kwenye matairi na kuongeza vyuma vya uzito nyuma. Injini inabaki ile ile. Tope la Lushoto wakati wa masika nalo halijali nguvu za farasi. Gurudumu lisiloshika litazunguka tu na kumaliza dizeli. Vyuma vya uzito kwenye magurudumu, matairi yenye meno yasiyolika, na magurudumu yaliyotanuliwa ili mashine isiegemee upande, hugharimu kidogo kuliko kubadili mashine nzima.

Hata hivyo, yapo mashamba ambayo hakuna kifaa kitakachoyafaa. Kulima kwa kupanda na kushuka huipa mashine utulivu, lakini kila mstari unakuwa mfereji wa kupeleka udongo mtoni. Kulima kwa kukingama mteremko huokoa udongo, lakini pawatila huinama, huteleza, na mafuta ya injini hukusanyika upande mmoja. Majembe yake ya kuzunguka husaga udongo ukawa laini kama unga, na mvua ya kwanza kubwa huuchukua. Wamatengo wa Mbinga hawakuchimba ngoro zao kwa kukosa akili. Mashimo yale yenye matuta pande zote hushika maji kwenye miteremko ambayo trekta halifai kuikanyaga.

Kupima si kazi ya mhandisi. Kamba ya mita 10, miti miwili na pimamaji la fundi mwashi vinatosha. Kamba ikiwa imenyooka sawasawa, tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ikiwa nusu mita, pawatila inaweza kulima kwa kukingama bila taabu kubwa. Ikifika mita moja, ni busara kufikiria matuta ya ngazi kwanza, yawe mapana ya kutosha mashine kugeuka. Ikizidi mita mbili, fedha hizo ni heri zinunue mbegu bora na samadi, na jembe la mkono libaki na kazi yake.

Anayenunua kwa ajili ya biashara ya kubeba mizigo naye asidhani amepona kwa kuwa halimi. Tela lisilo na breki zake lenyewe halifai barabara ya mlimani, hata kama linauzwa kwa bei ya kutupa. Halmashauri au kikundi kinachoandaa zabuni kinaweza kuandika masharti haya bila gharama yoyote: magurudumu yanayotanuka, vyuma vya uzito, breki za tela. Na mkulima mmoja mmoja, kabla ya kuhesabu noti, ana haki ya kumtaka muuzaji aiteremshe mwenyewe mashine hiyo kwenye mteremko, tela likiwa limepakiwa.