NJIA YA MIGUU NI MALI YA MFANYAKAZI

Ndugu wanachama,

Kila alfajiri sisi wa Pipeline twashuka ngazi za maghorofa na kushika njia kwenda Viwandani na mjini. Mwenye nauli hupanda. Asiye nayo, nao ni wengi hasa mwezi ukienda kuisha, hupita Mukuru kwa miguu, akiruka mitaro na kukwepa malori. Njia ya miguu iliyo salama hatuna. Mti wa kivuli hatuna. Watoto wetu hupiga mpira barabarani, katikati ya magari.

Tukitaja jambo hili wako wanaotucheka. Husema, "Miti na njia za kutembea ni anasa ya matajiri wenye mbwa. Chama kidai mishahara." Twawajibu: jambo hili ni la mishahara.

Tazameni msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wakubwa kwa siri. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, wakapigwa hata damu ikatoka. Hawakurudi nyuma, na msitu ukabaki. Tangu 2011 umefunguliwa kwa watu wote, na zimekatwa njia zaidi ya kilomita 50 za miguu na baiskeli. Leo wako walinzi waliotoka vijiji vya jirani, wako wapanda miche, wapishi na wakodisha baiskeli. Mahali palipoogopwa kwa sababu ya wezi, sasa panalisha jamaa nyingi. Mwaka 2025 ulipozuka ugomvi juu ya nani apokee pesa za kiingilio, watu walikwenda mpaka mahakamani. Je, nani hugombea kitu kisicho na thamani?

Ekari ikiuzwa humlipa mtu mmoja, tena mara moja. Ikitunzwa hulipa wengi kila mwezi. Hesabu hii ni nyepesi hata kwa sisi tuliosoma shule ya misheni tu.

Na sisi watu wa reli tungepaswa kuijua kuliko wote. Arboretum ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za injini za reli. Injini zile zimekwisha kupumzishwa, lakini bustani ingalipo, na watu hutembea humo. Lakini angalieni ramani: Karura iko kaskazini, Arboretum iko magharibi. Sisi wa mashariki, tunaoamka mapema kuliko wote, tumebakiziwa vumbi.

Nasi tunao Mto Ngong, upitao Mukuru, jirani zetu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu na kuchukua nyumba. Kisha serikali ikaagiza walio ndani ya mita 30 kutoka ukingoni waondoke, na matingatinga yakaja. Waliobomolewa ni wafanyakazi kama sisi, na wengi walilala nje. Hatusemi watu warudi penye maji yauayo. Twauliza: ardhi waliyoondolewa itakuwa ya nani?

Tumekwisha kuona mambo. Kijia tulichokizoea kilizibwa kwa mabati usiku mmoja. Leo pana ghorofa. Tukilala tena, ukingo wa mto utapata ukuta, geti na mwenyewe. Ndipo tutajua kwamba maskini aliondolewa kwa jina la mto, ili tajiri aingie kwa jina la maendeleo. Misheni tulifundishwa habari za Ahabu na shamba la Nabothi. Ahabu hajafa, amejipatia hati tu.

Oktoba 2024 serikali ilianzisha kazi ya kusafisha mito ya Nairobi, vijana wakaandikwa. Ni vyema. Lakini kibarua cha kuzoa taka si mwisho wa safari. Kwa hiyo twadai haya:

Kwanza, waliobomolewa wapewe mahali pa kukaa, kwa haki na bila hila.

Pili, ukingo wa mto uwekewe alama waziwazi, na hati yoyote juu yake ifutwe, hata ikiwa ni ya mkubwa.

Tatu, ikatwe njia moja ya miguu na baiskeli, yenye miti na taa, kutoka kwetu mpaka Viwandani.

Nne, kazi ya kuikata, kuilinda na kuotesha miche ipewe wakaaji wa Mukuru na Pipeline, kwa mshahara wa halali, si kwa tenda ya rafiki. Na mama wauzao chai na mboga wapewe nafasi kando yake.

Nauli itakayobaki mfukoni ni nyongeza ya mshahara. Mtoto atakayecheza salama ni nyongeza. Kazi za vijana wetu ni nyongeza.

Ndugu, Karura haikuokolewa na watu waliokaa kimya. Lisemeni jambo hili karakana, kwenye treni na kwenye ngazi za ploti. Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni nyote.

Umoja ni nguvu.