Jumba Lililojengwa kwa Kalamu

Aghalabu mgeni anayeuzuru mji wa Melaka, ulio katika pwani ya magharibi ya Rasi ya Malay nchini Malaysia, huanzia penye wekundu. Uwanja wa Waholanzi umezungukwa na majengo yaliyopakwa rangi nyekundu: Stadthuys, yaani jumba la utawala la karne ya 17, na Kanisa la Kristo lililokamilika mwaka wa 1753. Hapo ndipo picha hupigwa, zawadi ndogondogo hununuliwa, na baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni maua ya plastiki hukodishwa. Wengi huondoka wakiamini kwamba wameiona rangi ya Uholanzi. Kumbe Waholanzi wenyewe walipenda kuta nyeupe. Wekundu huo uliletwa baadaye, katika enzi ya Waingereza. Hata ukoloni nao hurembwa upya ili umpendeze mtalii.

Makala haya hayakusudii kuugombeza wekundu. Nia yangu ni kuwaelekeza wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwenye jengo jingine, la mbao, lililo hatua chache tu kutoka hapo, chini ya Kilima cha Mtakatifu Paulo. Jengo hilo ni makumbusho ya ikulu ya masultani wa Melaka, nalo lilijengwa miaka ya 1980. Ikulu yenyewe ilikwisha kutoweka karne nyingi zilizopita. Haikuacha nguzo wala kizingiti. Waliotaka kuijenga upya waliegemea kitabu. Hoja yangu ni kwamba sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunavyo vitabu vya aina hiyo hiyo, ila tumelea kizazi cha wasomi wa Kiswahili ambao hawawezi kuvisoma.

Lakini kwanza tuufahamu mji. Melaka ulianzishwa takriban mwaka wa 1400 na Parameswara, mwanamfalme aliyetoka Palembang katika kisiwa cha Sumatra. Ustawi wake uliletwa na upepo. Vyombo kutoka India na Uarabuni vilifika kwa msimu mmoja, na vya Uchina kwa msimu mwingine, ikawabidi mabaharia wangoje bandarini mpaka upepo ugeuke. Mswahili haelezwi maana ya kungoja kaskazi na kusi. Katika kungoja huko watu waliuziana, wakaoana na wakafundishana maneno. Sultani aliwateua maofisa wanne wa kuwasimamia wafanyabiashara kulingana na walikotoka, na kila mmoja aliitwa shahbandar. Neno hilo ni la Kiajemi, na sehemu yake ya pili ndiyo bandari yetu hii hii ya Mombasa na Lamu.

Tomé Pires, Mreno aliyeishi Melaka kati ya mwaka wa 1512 na 1515, aliandika kwamba mjini humo zilisikika lugha 84. Katika orodha yake ya wafanyabiashara waliofika huko amewataja watu wa Kilwa na wa Malindi. Meli za amiri Zheng He wa Uchina zilizotia nanga Melaka ndizo zilizofika hadi Malindi mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo, tunapoizungumzia Melaka hatujitafutii undugu wa kubandika. Bahari ni ile ile, na maneno nayo yalivuka. Mmalay husema dunia, kitab, khabar, adab na akal, na mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hahitaji mkalimani. Hata Mreno, aliyekuja na mizinga, aliacha neno moja moja katika lugha zote mbili: meza yetu ni meja yao, na bendera ni bendera kote kuwili.

Mizinga hiyo ilifika Melaka mwaka wa 1511 chini ya Afonso de Albuquerque. Mji ukatekwa, na ngome ikajengwa iliyoitwa A Famosa. Mawe yake, kwa mujibu wa taarifa za Wareno wenyewe, yalitolewa katika misikiti na makaburi ya wafalme. Waholanzi waliitwaa ngome mwaka wa 1641, na Waingereza wakaupata mji moja kwa moja kwa mkataba wa mwaka wa 1824. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka wa 1807, walikuwa wameibomoa ngome kwa baruti ili isije ikamfaa adui. Lango moja tu ndilo lililosazwa. Lingali limesimama, na juu yake ipo nembo ya kampuni ya Waholanzi pamoja na mwaka wa 1670, hata mtu huweza kulitazama lango la Mreno akadhani ni la Mholanzi.

Basi ngome, iliyojengwa kwa mawe ili idumu, imebakia lango. Ikulu, iliyojengwa kwa mbao, imerudi nzima. Iliwezekanaje?

Iliwezekana kwa sababu ya Sejarah Melayu, tarihi ya masultani wa Melaka iliyoandikwa kwa Kimalay katika hati za Kiarabu. Dibaji yake ni ya mwaka wa 1612, na uandishi wake huhusishwa na Tun Sri Lanang, waziri mkuu wa Johor. Ndani yake imeelezwa ikulu ya Sultan Mansur Shah, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 15: sehemu zake kuu 17, upana kati ya nguzo na nguzo, madirisha, nakshi na paa. Tuzingatie tarehe hizo. Aliyeandika hakuliona jumba hilo. Lilikwisha kuteketea zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Alichonacho ni masimulizi yaliyopokezanwa vinywani mwa watu, akayatia katika wino. Maseremala wa karne ya 20 wakayatia katika mbao.

Sidai kwamba jumba la sasa ni pacha wa lile la kale. Halikusimamishwa kilimani lilipokuwa la kwanza. Kitabu kinasimulia paa la madini, ilhali hili limeezekwa kwa vipande vya mbao ngumu. Mwanahistoria mkali atalitilia shaka, na ana haki. Hata hivyo, mtoto wa shule anayelizuru leo anajua kwamba kabla ya Mreno palikuwa na dola, na kwamba habari za dola hiyo ziliandikwa kwa lugha yake mwenyewe.

Habari za kubomolewa kwa ngome nazo tumezipata kwa kalamu ya mwana wa Melaka. Abdullah bin Abdul Kadir, aliyejulikana kama Munshi Abdullah, alishuhudia kazi hiyo ujanani mwake na akaieleza katika Hikayat Abdullah, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1849. Kazi ya Munshi ilikuwa kufundisha lugha: aliwafundisha Kimalay wazungu waliofika kutawala na kuhubiri. Katika kitabu hicho hicho amewanung'unikia Wamalay kwa kutojishughulisha kuisoma lugha yao wenyewe, wakidhani kwamba lugha ya mama haihitaji kusomwa. Nafikiri wahadhiri wetu wangeketi naye baraza moja wakaelewana upesi.

Turudi sasa nyumbani, kwa kuwa Mombasa na Melaka zilitawaliwa na Wareno wale wale kutoka Goa. Fort Jesus ilijengwa kuanzia mwaka wa 1593, na aliyeichora, Mtaliano Giovanni Battista Cairati, alitumwa pia Melaka kupanga ngome ya huko. Yetu haikubomolewa. Iligeuzwa gereza, kisha mwaka wa 1960 ikafunguliwa kama makumbusho, na tangu mwaka wa 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Vyama vya wanafunzi huizuru, huambiwa majina ya Wareno na tarehe za mazingiwa, na hurejea na picha. Lakini ngome hii ina mshairi wake. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga Mombasa zama Wamazrui walipoishika ngome, na mashairi yake yamejaa siasa za mji huo. Ikiwa mwanafunzi wa Kiswahili anatoka langoni akilikumbuka jina la Cairati na halikumbuki la Muyaka, basi amezuru Ureno, hakuzuru Mombasa.

Na si Muyaka peke yake. Tarihi ya Kilwa imehifadhiwa kwa Kiarabu katika nakala iliyo London, na kwa Kireno katika kazi ya João de Barros ya mwaka wa 1552. Tarihi ya Pate ilichapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1914 na 1915. Habari za Lamu zilichapishwa mwaka wa 1938. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inatupitisha katika majumba ya Pate, taa zake na zidaka zake, mpaka kwa popo na ndege waliorithi vyumba. Zipo pia barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa hati za Kiarabu. Nazo zimehifadhiwa, ajabu iliyoje, huko huko Goa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa ya miswada, na SOAS ya London kadhalika. Nani atasema kwamba hatuna maandishi?

Mwaka wa 2001 unanikera kila ninapoukumbuka. Mwaka huo UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo iliitia Sejarah Melayu katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwetu yalitambuliwa mawe, kwao kikatambuliwa kitabu. Simlaumu aliyeyapigania mawe ya Lamu, kwani bila yeye pengine tungekuwa na hoteli tupu. Ila nauliza aliyepaswa kuvipigania vitabu ni nani, kama si sisi tunaosomea lugha vilivyoandikiwa?

Mwanafunzi anaweza leo kuhitimu shahada ya Kiswahili, hata ya uzamili, akiwa amechambua Utendi wa Mwana Kupona kuanzia maudhui hadi mizani, bila kuwahi kusoma mstari wake mmoja katika hati alizozitumia Mwana Kupona mwenyewe. Anaisoma tafsiri ya hati, iliyofanywa na mtu mwingine, tena mara nyingi mgeni. Pale ambapo mnakili alisoma p akaandika b, mwanafunzi hujenga nadharia juu ya b. Haya si makosa yake. Hakuna aliyemwonyesha.

Nimewahi kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba hati hizi ni za dini, hazina nafasi katika idara ya lugha. Malaysia kwenyewe mwaka wa 2019 ulizuka mzozo mkubwa serikali ilipotaka wanafunzi wa shule za Kichina na Kitamil waonjeshwe maandishi ya Jawi. Wapo walioona kwamba wanaingiziwa dini ya wengine. Hofu hiyo haifai kubezwa, wala si busara kumlazimisha mtoto wa shule ya msingi. Lakini hapa tunazungumzia wanafunzi wa chuo kikuu waliochagua Kiswahili wenyewe. Barua za Kilwa ni za siasa. Mashairi ya Muyaka yana mapenzi, njaa, vijembe na vita. Kuyasoma kwa hati zake hakumsilimishi mtu, kama vile kusoma kwa herufi za Kirumi hakujambatiza yeyote.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: hati za Kiarabu haziitoshelezi sauti ya Kiswahili. Kiarabu hakina p, ch, v wala ng', na irabu zake ni chache. Ni kweli. Kimalay kilikabiliwa na tatizo hilo hilo, na wenyewe wakalitatua kwa nukta. Waliichukua fa wakaipa nukta tatu ikawa pa. Ayn ikapewa nukta tatu ikawa nga. Jim ikawa cha. Mapatano hayo yakaenea kutoka bandari hadi bandari, ndiyo maana muswada wa Johor unasomeka Aceh. Kwetu kila mwandishi alijiamulia, na jitihada za kuzisawazisha hati, kama zile za Mwalimu Sikujua wa Mombasa akishirikiana na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, hazikuenea. Mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ilipoanza kusanifisha Kiswahili, iliegemea hati za Kirumi. Ugumu huu, badala ya kuwa sababu ya kuacha, ndio hasa unaohitaji wanaisimu. Kuna mada ngapi za tasnifu zilizolala humo, wakati tunaendelea kurudia dhamira katika riwaya zile zile nne?

Ombi langu kwa idara zetu ni dogo. Iwepo kozi moja, ya muhula mmoja, ya lazima kwa kila anayechukua shahada ya Kiswahili: kusoma na kunakili Kiswahili katika hati za Kiarabu. Na chama chetu kisingoje idara. Safari ya pwani ijayo, kama kawaida, itapita Fort Jesus, na ipite. Lakini siku mbili zitengwe kwa ajili ya Lamu, kwa wazee na walimu wanaozisoma hati hizi bila kukwama, kila mwanafunzi akiwa na daftari na nakala ya ukurasa mmoja wa utenzi anaoujua tayari kwa moyo. Atakayeanza na ubeti anaoujua atazitambua herufi kwa sauti zake. Herufi za msingi ni 28, za kuongeza hazifiki kumi, na likizo ya Aprili ina wiki tatu.