Mtoto Akianza Sekondari

Wazee wenzangu, hapa Uingereza kila Septemba watoto wetu wa miaka 11 huaga shule ya msingi, walikozoea mwalimu mmoja wa darasa, wakaingia sekondari ambako kila somo lina mwalimu wake, na kengele ikilia huhama chumba. Hilo la vyumba hulizoea upesi. Jambo gumu ni jingine.

Sisi tangu chuoni tulifunzwa kuinamisha macho mbele ya mwalimu na kunyamaza mpaka tuulizwe. Ndiyo adabu, na watoto tumewarithisha. Lakini mwalimu wa hapa akimwona mtoto kimya, huenda akadhani hakufahamu, au hapendi kusoma. Nimefundisha miaka mingi: mtoto wa namna hiyo husahauliwa nyuma ya darasa, nasi nyumbani twamsifu kuwa ametulia.

Basi mwambieni mapema kwamba kunyoosha mkono na kuuliza si utovu wa adabu. Jioni mkimuuliza, "Shule vipi?" atajibu, "Nzuri," yakaisha. Muulizeni, "Leo umemwuliza mwalimu nini?" Na mwalimu msimamizi wa darasa lake mjuane naye kabla ya Disemba, msingoje barua ya malalamiko.