Istilahi za Historia: Tuzipime kwa Mambo ya Kwetu

Historia ya dunia haisomwi bila istilahi. Anayechunguza jinsi jamii za ulimwengu zilivyokutana, zikafanya biashara na kutawalana hana budi kuzifahamu ukoloni, ubeberu, ustaarabu na ugunduzi. Hata hivyo, katika shule za upili za Kenya somo la historia hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali istilahi hizi hukutwa katika somo la Kiswahili, mbali na matukio yaliyozizaa. Basi tunazikariri kama majina matupu. Maoni yangu ni kwamba kila istilahi ya historia imebeba hukumu, na yafaa tuipime kwa mambo yaliyotokea kwetu kabla ya kuipokea.

Tuanze na ugunduzi. Husemwa kuwa mnamo Desemba 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliugundua Mlima Kenya. Lakini aliyempa habari za mlima huo ni mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe za ndovu kati ya Ukambani na Mombasa. Hata jina la mlima Krapf alilisikia kwa Wakamba. Aliyeonyeshwa kitu na wenyewe hawezi kuitwa mgunduzi wake.

Ustaarabu nao una mizani yake. Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufuata mwenendo wa Waarabu. Kwa kipimo hicho, wakulima wa milima ya Mbooni, ulipo mji mdogo wa Kikima, wangehesabiwa washenzi, ijapokuwa walikuwa na baraza lao la wazee, nzama, lililoamua kesi zao.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa mwaka 1938. Mbooni ilikuwa bado katika wilaya ya Machakos, na serikali ya kikoloni ikatekeleza humo sera iliyoiita kupunguza mifugo, kwa hoja ya kuhifadhi udongo. Ng'ombe wa Wakamba walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni. Mwezi Julai Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Mwaka huo haukwisha kabla serikali haijaacha kutumia nguvu. Alichokiita ofisa kupunguza, mfugaji alikiita kunyang'anywa. Mwandishi anayechagua neno moja kati ya hayo amekwisha kuchagua upande.

Kuna watakaodai kwamba istilahi ya kitaaluma haipaswi kuelemea upande wowote. Lakini ubeberu, uliotokana na mbuzi dume, unaelemea waziwazi, na hakuna anayeukataa. Mfugaji wa Kikima, anayemjua beberu zizini, huielewa istilahi hiyo bila kamusi.

Sipendekezi tuyafute maneno yaliyozoeleka. Ninachopendekeza ni kwamba wahadhiri wetu, wanapofafanua istilahi, wataje chimbuko lake, tukio moja la kwetu linaloithibitisha au kuikanusha, na neno walilotumia waliotendewa. Sisi wanafunzi nasi, tuendapo likizoni, tuwaulize wazee na kuyanakili maneno hayo wangali hai. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wowote, ila daftari na masikio yaliyo tayari kusikiliza.