Pima chumvi kabla ya kununua pampu

Mkulima anayejiandaa kulima nyanya za kiangazi hupiga hesabu ya kisima, pampu, mbegu, mbolea na dawa. Hesabu moja mara nyingi husahaulika, nayo ni ya chumvi iliyomo katika maji. Katika mikoa mikavu kama Dodoma, ambako maji ya bwawa la Hombolo yanajulikana kwa chumvi yake, kusahau huko kunaweza kumwachia mkulima deni badala ya faida.

Chumvi haiui mche kwa siku moja. Huuzuia mzizi kuvuta maji hata kama udongo umelowa. Mmea hudumaa, majani huungua pembezoni na matunda huwa madogo. Madini ya kalsiamu nayo hushindwa kufika vizuri kwenye tunda, ambalo huoza kitako. Wapo wanaodhani huo ni ugonjwa, wakanunua dawa ya ukungu isiyosaidia chochote. Hiyo ni hasara juu ya hasara.

Chumvi ya maji hupimwa kwa desisimensi kwa mita. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 1985, nyanya hutoa mavuno kamili iwapo kipimo hakizidi 1.7. Kikifika 2.3, mavuno hupungua kwa asilimia 10, kikifika 3.4, kwa asilimia 25. Na kikifika 5, nusu ya mavuno hupotea. Maana yake ni kwamba shamba la kutoa matenga 200 litatoa 150 kwa maji ya kipimo cha 3.4, wakati gharama ni zile zile.

Ni kweli kuwa nyanya ya maji ya chumvi huwa tamu zaidi, kwa sababu ina maji machache na sukari yake imekolea. Huko Negev, nchini Israel, wakulima wamegeuza utamu huo kuwa biashara. Lakini mnunuzi wa soko la Majengo hununua kwa tenga na huchagua nyanya kubwa. Utamu haumwongezei mkulima hata shilingi.

Kukimbilia vitunguu, karoti au maharage ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwani mazao hayo huathiriwa na chumvi mapema kuliko nyanya.

Mwenye maji ya chumvi kiasi bado ana la kufanya: kuotesha miche kwa maji baridi, kumwagilia kwa matone bila kulowesha majani, kutandaza nyasi shambani, na kuongeza maji mara kwa mara ili yasukume chumvi chini ya mizizi. Hili la mwisho halifai pale ambapo maji hutuama.

Kifaa cha kupimia chumvi ni kidogo, hubebwa mfukoni, na kimoja kinaweza kuhudumia kata nzima. Halmashauri zinazohimiza umwagiliaji ziwape maofisa ugani kifaa hicho. Wauzaji wa pampu na taasisi za mikopo nao wadai kipimo cha maji kabla ya kukamilisha biashara, kwa kuwa mkopo wa kisima cha chumvi haulipiki kwa urahisi. Vikundi vya wakulima visisubiri; wanachama wakichangishana, wanaweza kununua cha kwao.