Mchezaji wa Nne Apewe Haki Yake

Nataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalicheka. Ni habari ya ubao wa vitufe.

Likizo iliyopita, hapa Dranya, vijana watatu tulianza kuunda kabati la michezo ya kompyuta, kwa mfano wa yale makabati ya zamani yaliyotiwa sarafu. Televisheni kuukuu tulikuwa nayo, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, isiyozidi kiganja. Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye ubao wenye vijiti na vitufe. Hapo tukagombana. Wenzangu walitaka ubao wa watu wawili, vitufe sita kwa kila mmoja, kama ule wa Street Fighter II wa mwaka 1991. Mimi nilitaka wa watu wanne, na shauri hilo sijaliacha.

Ubao wa watu wawili twaujua ulivyo. Mshindi haondoki, na waliobaki ni watazamaji mpaka jioni. Lakini tazama ludo chini ya mwembe: watu wanne, rangi nne, na hata mtoto akiketi na wazee, upande wake ni sawa na upande wao. Kampuni ya Atari Games ilifanya vivyo hivyo mwaka 1985 katika mchezo wa Gauntlet. Watu wanne walisimama pamoja, mwekundu, wa buluu, wa manjano na wa kijani, na mtu aliweza kuingia wenzake wakiwa katikati ya mchezo. Kila mmoja alikuwa na kijiti kimoja na vitufe viwili tu. Vitufe vinane basi, ambapo wenzangu walitaka kumi na viwili! (Vijiti huongezeka, nakubali.)

Walinikubalia, nami nikakosea. Plaiwudi ina upana wa sentimeta 122; nikaigawa kwa wanne waliopangwa mstari mmoja, kila mtu akapata kama 30. Mabega ya mtu hayaenei hapo. Waliosimama katikati walipigwa viwiko vya mbavu. Kuwazungusha pande nne kama ludo haikuwezekana, maana kioo cha televisheni kiko upande mmoja. Atari walipotaka hivyo katika Warlords ya mwaka 1980 walitengeneza pia kabati la namna ya meza, kioo kikalala juu yake, na kila mchezaji akalinda ngome yake pembeni. Kwetu dawa ni kuongeza mabawa mawili, wa kando wasimame mshazari. Ila vijiti vyao vifungwe vizuri: mchezaji akisukuma kijiti kuelekea kioo, mtu wake apande juu, wala asikimbilie upande.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Kwa kubana fedha tulifungua kibodi ya zamani, tukaunga nyaya za vitufe vyote kwenye kibao chake cha ndani. Mchezaji wa nne alikuwa mdogo wa mwenzetu, mwanafunzi wa S.1. Alibonyeza, mtu wake asirushe mshale. Tulimcheka, tukamwambia hajui kucheza, naye akaenda zake kimya. Kesho yake nikashika kituo chake mwenyewe, yakanipata yale yale. Kumbe nyaya za kibodi zimepangwa safu kwa safu kama uzi wa mkeka, na vitufe kadhaa vikibonyezwa pamoja, kompyuta haiwezi kutambua kingine kimebonyezwa au la. Kibodi nyingi hukikataa hicho cha mwisho. Basi yule kijana alikuwa akibonyeza sawasawa, ubao ndio uliokuwa kiziwi.

Kwa hiyo nasema, mtu asijisifu kwamba ametengeneza ubao wa wanne kwa kuwa ametoboa matundu ya wanne. Kila mchezaji apewe kibao chake cha nyaya kinachoingia katika kompyuta peke yake, au kila kitufe kitiwe dayodi ili umeme usirudi njia isiyo yake. Kisha wote wanne wabonyeze kwa pamoja, kwa nguvu, kabla ya kupaka rangi.

Jumamosi tunaukata ubao upya. Yule kijana tumemwomba radhi na kumwalika, naye amejibu kwamba atakuja iwapo atapewa rangi ya kijani.